Maziwa ya Tantine

Jirani anapokaanga karanga, mimi hufunga dirisha, halafu hucheka peke yangu, kwa sababu harufu ile hunirudisha kwenye harusi moja kule Kinanira.

Nilikuwa nimevaa gauni jipya lililonikwaruza shingo. Nilikula sombe, mboga ya majani ya mihogo, kidogo tu, bila kujua kwamba wapishi wameitia unga wa karanga. Midomo ikavimba, ngozi ikawaka moto, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Tantine, dada yake baba, akapiga kelele: "Wamemupa mutoto sumu! Leteni maziwa!" Kwetu, anayedhaniwa kalishwa sumu hunyweshwa maziwa, na kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni mwangu.

Mama alikisukuma. "Apana! Koo inamufunga, atapaliwa. Hii si sumu, ni karanga. Mi najua mutoto wangu."

Alinilaza mkekani, akatoa mkobani sindano ya dharura aliyopewa na daktari, akanichoma pajani juu ya gauni lile lile, mbele ya wageni wote. Kutoka pale chini nilimwona mrefu kuliko wanaume wote wa harusi ile. Kisha akaita gari, tukaenda hospitali.

Jioni nilikuwa napumua vizuri. Tantine akatokea wodini na kikombe kingine cha maziwa, bado haamini kwamba zilikuwa karanga tu. Mama hakubishana naye. Alikipokea, akayanywa yote mpaka tone la mwisho, akamrudishia kikombe.

"Asante, wifi. Nilikuwa na kiu tangu asubuhi."