Kanga ya Rijekti

Duka la ushirika hapa Kisarawe limetuletea neno jipya. Juzijuzi kanga zilifika, na muuzaji akatenga doti moja pembeni. "Hiyo rijekti," alisema. Mimi shule niliishia kuandika jina langu, basi nikamuuliza rijekti ndiyo nini.

"Kitu kisichofaa, bibi. Kiwandani wamesahau kuichapa maneno."

Jirani yangu, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, akaivuta ile kanga na kuipapasa mahali palipokosa maneno. Huyu na mama mkwe wake hawasemeshani tangu mavuno ya mpunga, na Ijumaa kulikuwa na harusi ya wifi yake. Kumpelekea mkwe kanga ilikuwa lazima.

"Nipe hii hii," alisema.

"Dada, nzima zipo."

"Hizo nzima zina maneno. Nikimpa yenye maneno, yawe yoyote, atasema nimemsema."

Wanawake wote kwenye foleni wakaguna kukubali. Muuzaji akamfungia huku anatikisa kichwa.

Ijumaa nilikuwepo. Mama mkwe aliikunjua kanga ukumbini mbele yetu, akatazama kipande cha kwanza, akatazama cha pili, akaigeuza upande wa nyuma. Kisha akaikunja taratibu na kuiweka mapajani.

"Kwa hiyo mwanangu, hata neno moja huna la kuniambia?"

Kesho yake nilimpitia muuzaji nikamwambia neno lake la Kizungu amelitumia vibaya. Kanga ile haina kasoro yoyote. Imesomwa mpaka mwisho.