Pembe ya Mfongo

Filemon wa Marangu hakuwa mtu wa kujigamba, ila kwa jambo moja: pembe ya tandala aliyoirithi kwa baba yake. Akiipuliza alfajiri, watu hutoka na majembe kwenda kusafisha mfongo, mfereji unaoteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba na kahawa. Mwaka mmoja, vijiji vya ujamaa vikiwa bado vipya, pembe ilianguka kutoka darini, ng'ombe akaikanyaga. Ikapasuka.

Eliufoo, jirani wa ng'ambo ya korongo, hakuficha furaha. Miaka yote msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ukiitwa yeye haonekani, na kisingizio ni kilekile: "Kwangu pembe haisikiki." Mkutanoni akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, tuiazime ile rimu ya lori inayogongwa shuleni kama kengele."

Wakakubaliana: siku ya kusafisha ikifika Filemon hajapata pembe nyingine, itagongwa rimu, naye apumzike. Apumzike! Neno hilo lilimchoma.

Kununua kwa wawindaji hakutaka. Baba yake alimkataza: maji hayaitwi kwa pembe yenye damu. Iokotwe ya mnyama aliyejifia, iliyokwisha kulegea yenyewe kwenye fupa. Basi mtu wa mlimani akashuka tambarare, kwenye jua la chini ya Himo, akazunguka vichakani akiinama kila penye mifupa, miiba ikimkwaruza. Alikuwa karibu kukata tamaa alipoliona fuvu la tandala chini ya mgunga. Pembe moja ilikuwa imetafunwa na nungunungu. Ya pili aliizungusha taratibu, ikachomoka kama mguu kwenye buti. Akacheka peke yake porini.

Nyumbani, mkewe Yuditha aliijaza maji kuikagua. Yakachuruzika, wadudu walikuwa wameitoboatoboa.

"Baba Elifuraha, umetuletea chujio la pombe ya mbege!"

Alipomwona mumewe amenywea, aliacha utani, akapasha moto nta ya nyuki na kuziba tundu moja moja. Filemon akachonga pa kupulizia. Lakini kuijaribu wasingeweza. Pembe ya mfongo ikilia watu wameitwa, na watu hawaitwi bure.

Alfajiri ya kazi, mwenyekiti alisimama kando ya rimu, nyundo mkononi. Filemon akavuta pumzi, akapuliza. Ikatoka sauti nene ya kukwaruza, kama ya fahali mwenye mafua. Haikufanana hata kidogo na ile ya zamani. Njiani hakutokea mtu. Filemon aliogopa kweli.

Mara mtu akatokea mbio kutoka korongoni, shuka begani, mikono mitupu. Alikuwa Eliufoo.

"Kuna nini? Ni nini hicho kinacholia?"

Nyuma yake watu walikuwa wakimiminika, nao wakaangua kicheko. Filemon akaifuta pembe kwa kiganja.

"Ni pembe, jirani. Kumbe kwako inasikika."

Yuditha alikuwa amekuja na majembe mawili. Moja akampa Eliufoo.