Kibuyu cha Kilima cha Yakobi

Enzi za Mwingereza kaka yangu alikuwa mkata miwati, miti ya magome ya kulainishia ngozi, karibu na Njombe, nami nilipima magome katika shamba hilohilo. Kila mwaka shamba lilichagua mkimbiaji mmoja wa kwenda Mbeya kwenye mashindano ya jimbo. Mwaka ule kaka aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Wakata miwati wengi walivuta bangi asubuhi kwa sababu ya baridi. Yeye alianza hivyo, mwisho akawa anaamini hawezi kukimbia bila kuitumia. Niliazima saa ya mnyapara nikampima kwa miezi mitatu, nikiandika kila kitu daftarini. Siku alizotumia alichelewa kuliko siku alizoikosa, mara nyingine dakika mbili nzima. Nilipomwonyesha alisema saa ile ni mvivu kama mnyapara mwenyewe.

Kwetu ndugu wa mkimbiaji humngoja kilimani na kibuyu cha mtogwa, yaani ulanzi mbichi, utomvu wa mianzi ungali mtamu. Mkimbiaji hapokei kwa mtu baki. Siku ya mchujo kaka aliniagiza niiloweke bangi humo. Asingevuta asubuhi, maana wazungu wa shamba wangemnusa pale mwanzoni. Angejikaza mpaka kilima cha Yakobi, na kuanzia hapo angetegemea kibuyu.

Nilijaza mtogwa mtupu. Sikumwambia, kwa kuwa niliziamini namba zangu.

Alitokea peke yake, wenzake wakiwa mbali nyuma. Alipokea, akanywa, akausikilizia mdomoni.

"Umesahau, mdogo wangu."

"Sikusahau, kaka. Kimbia."

Alinitazama bila hasira. Alipiga hatua kama kumi hivi, akasimama. Kisha akaketi kwenye majani ya kando ya barabara. Nilimsihi, nikamshika bega. Alisema miguu imekwisha. Mkata miwati mmoja, mwenyeji wa Makambako, akatupita, kisha wengine wawili. Yule wa Makambako ndiye aliyekwenda Mbeya.

Tulirudi kwa miguu. Njiani aliniuliza alikuwa amefika kilimani kwa muda gani. Nilimwambia ukweli: hakuwahi kufika pale upesi hivyo tangu nianze kumpima.

Tulitembea mpaka tukaiona miwati.

"Ungeniambia pale pale," alisema.

Saa nilikuwa nayo mkononi wakati wote alipokuwa ameketi. Nilikuwa nimeitazama alipofika, nikaikariri ile namba ili niiandike, nikamsihi kwa maneno mengine yote isipokuwa hilo.