Joho Nililomshonea Mdogo Wangu Kabla ya Wakati Wake

Siku hiyo tulikuwepo mimi. Nafula, mdogo wangu anayenifuata. Wanjala, kitindamimba wetu, na ngoma yake. Senge, yaani shangazi yetu, dada ya marehemu baba, aliyekuja na basi kutoka nyumbani Bungoma akiwa na kuku hai kikapuni. Auntie Harpreet, mteja wangu wa Parklands. Akina mama wa kwaya ya kanisa letu, ambao siwataji mmoja mmoja maana wengine bado wananisalimu. Kevo na Zainab, wanafunzi wa kundi moja na Nafula. Daktari Mutua, mhadhiri wao. Na wahadhiri wengine wawili ambao macho yao yalikuwa yakiuliza swali moja tu: hawa ni akina nani?

Nimewataja wote kwa sababu wote niliwakosea. Kuku pia nilimkosea, lakini huyo tulimla.

Ngoja nikuelezee vizuri, na ukicheka usijali, hata mimi nacheka. Nacheka halafu nashika kichwa.

Wazazi wetu walifariki mmoja akimfuata mwingine nikiwa kidato cha pili. Nikavua sare ya shule, nikaketi kwenye cherehani ya mama, na sijasimama hadi leo. Jamaa walikaa kikao wakasema watoto watawanywe, huyu kwa mjomba, yule kwa binamu. Senge peke yake ndiye aliyekataa. Alisema, "Waacheni pamoja. Huyu mkubwa ana mgongo." Kisha akanigeukia: "Siku mmoja wenu atakapovaa joho, nitakuja Nairobi na hii miguu yangu, hata kama imeoza."

Basi miaka ikaenda. Nafula akaingia chuo kikuu kusomea sosholojia. Mimi nikabaki na kibanda changu kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Woodley, nashona sare za shule, majoho ya kwaya, na kukata suruali za watu waliokonda.

Alipofika mwaka wa pili, siku moja alikuja kibandani akirukaruka kama mtoto.

"Dada! Nimechukuliwa!"

"Na nani? Anafanya kazi gani?"

"Si mwanamume, wewe! Ni programu!"

Akanieleza. Ni cheti cha kando. Unasoma digrii yako kama kawaida, lakini unachanganywa na wanafunzi wa idara nyingine, mnapewa shida moja ya kweli, na kila mtu anaitazama kwa macho ya somo lake. Kundi lao lilikuwa na Kevo wa uhandisi, Zainab wa uuguzi, na yeye.

"Kama githeri, mahindi na maharagwe sufuria moja," nikasema.

"Enhe! Githeri ya akili! Lakini Dada, sikia. Hii si kumaliza. Bado nina miaka miwili ya digrii. Usiende kuwaambia watu nimemaliza, nakujua."

Nilimsikia. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walinitetea eti sikusoma, ndiyo maana sikuelewa. Nilielewa! Hata wewe umeelewa, si ndiyo? Kuacha shule si kuacha akili.

Shida waliyopewa ilikuwa mfereji. Kuna mtaa umejengewa mfereji wa maji safi, mzuri, lakini akina mama wanaupita hivi hivi wakanunue maji ya mkokoteni. Kevo akapima mabomba. Zainab akafuatilia matumbo ya watoto. Nafula kazi yake ilikuwa kukaa na wale akina mama na kujua kwa nini. Kila Jumapili alikuja nyumbani, mimi napiga pasi, yeye ananisimulia. Zilikuwa Jumapili tamu! Nilijihisi nami nimo katika ile programu, nimekaa dawati la nyuma.

Kisha akaniambia Ijumaa fulani watawasilisha kazi yao mbele ya wahadhiri, wajibu maswali, na watakaofaulu wapewe cheti palepale. "Kila mtu anaruhusiwa wageni wawili. Njoo na Wanjala."

Wageni wawili.

Wiki hiyo Senge alipiga simu. Sauti ilikuwa imepungua. Aliuliza, "Na yule mtoto anavaa joho lini? Miguu hii inanidai, sijui kama nitaiwahi hiyo siku."

Mdomo wangu ukatangulia. Wallahi sikuutuma! Ukasema, "Njoo, Senge. Ni Ijumaa."

Lo! Ile furaha iliyotoka kwenye simu! Vigelegele vya mtu mmoja, lakini ungedhani ni harusi. Na furaha ya Senge ikanipanda kichwani kama pombe ya mtu asiyekunywa. Ningeweza kumpigia tena nimwambie nimekosea siku. Badala yake nilifunga kibanda, nikaenda mjini, Barabara ya Biashara, nikanunua kitambaa cheusi.

Ndiyo. Nilishona joho.

Na si joho la mchezo! Majoho ya kwaya nayajua, nikapanua mikono, nikakunja mabega. Tatizo likawa kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni mwa wahitimu. Rangi gani? Programu ni ya idara tatu. Nikakaa nikafikiri, nikaweka kijani ya Nafula, buluu ya wahandisi na nyeupe ya wauguzi, zote tatu bega kwa bega. Auntie Harpreet, aliyekuwa amekuja kuchukua suruali za salwar, zile pana za Kihindi, nilizompunguzia, akauliza hiyo ni ya nani. Nikamwambia. Akapiga makofi, akarudi na utepe wa dhahabu uliobaki kwenye harusi ya binti yake. "Weka hii pembeni," akasema. "Mtoto anamaliza chuo, utaweka pamba tupu? Na mimi nakuja!"

Ningefanya nini? Nikamwambia karibu. Akina mama wa kwaya wakasikia, wakasema hawawezi kukosa. Nikawaambia karibuni. Kila mtu aliyeniuliza nilimkaribisha. Nilikuwa nimelewa, rafiki yangu! Nilikuwa natembea Ngong Road nacheka na nguzo za umeme.

Nafula hakujua lolote. Nilijiambia nataka kumfurahisha ghafla. Ukweli ni kwamba nilijua angenikataza.

Ijumaa ikafika. Nilitarajia ukumbi mkubwa. Kumbe ni chumba cha darasa kule Parklands, viti vya plastiki, chai na mandazi kwenye meza ya pembeni. Tulichelewa kwa sababu ya miguu ya Senge. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikachungulia kwenye kioo, nikamwona Nafula amesimama mbele, Kevo na Zainab kando yake. Mhadhiri mmoja alikuwa amemaliza kumwuliza swali, naye alikuwa amefungua mdomo kujibu.

Mtu mwenye akili angesubiri. Wanjala akaniangalia: "Dada, nipige ngoma?"

Nikasema, "Piga!"

Yesu wangu! Mlango ukafunguka, ngoma ikaingia kwanza, kisha kwaya, kisha vigelegele, kisha kuku akaanza kelele zake, kisha Senge akicheza kwa mguu mmoja huku ameshikilia bega la Auntie Harpreet, naye Auntie akicheza mtindo wake wa mikono juu. Na mimi mbele, joho mikononi, kama mtu anayebeba mtoto kwenda kubatizwa.

Nafula aliniangalia. Nimemlea yule mtoto, najua macho yake yote. Hayo sikuwahi kuyaona.

"Dada," akanong'ona, "umefanya nini?"

"Vaa tu. Senge anatazama."

Akamtazama Senge. Senge alikuwa analia na kucheka pamoja, anasema, "Mtoto wa ndugu yangu! Mtoto wa ndugu yangu!"

Nafula akanyoosha mikono. Akavaa.

"Wueh!" Kevo akasema. "Hii joho imeweza. Na zetu ziko wapi?"

"Mimi nataka yenye dhahabu kama hiyo," akasema Zainab, lakini alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Daktari Mutua akanijia polepole. Mtu mpole sana. "Mama, hongera. Lakini leo ni hafla gani?"

"Ya cheti," nikasema kwa kujiamini.

"Na hizi rangi?"

Nikamfafanulia, kijani, buluu, nyeupe, kila moja na idara yake. Akalishika lile joho, akalitazama muda mrefu. "Joho kama hili halipo, Mama," akasema. "Lakini lingekuwepo, lingekaa hivi." Nami mjinga nikafurahi! Nilidhani tumesamehewa.

Lakini wale wenzake wawili hawakucheka. Muda wa kundi ulikuwa umekwisha, kundi lingine lilikuwa mlangoni limejibanza nyuma ya kwaya, na swali la Nafula lilikuwa halijajibiwa. Kanuni ni kanuni. Wakasema wale watatu warudi awamu nyingine wawasilishe upya.

Umeelewa? Mdogo wangu alivaa joho siku ambayo hata kile cheti kidogo alikikosa. Na Kevo akakikosa. Na Zainab akakikosa. Senge hakusikia hayo, alikuwa akipigwa picha.

Sherehe iliendelea nyumbani, tukakata keki, Nafula akamlisha Senge, Senge akamlisha Nafula. Alitabasamu kwa kila picha. Watu wakaondoka wameshiba. Ndipo akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya cherehani yangu.

"Nafula, nisamehe," nikasema. "Furaha ilinizidi."

"Furaha ya nani, Dada?"

Nikaanza kuokota makombo ya keki sakafuni.

"Mimi ningevaa la kweli baada ya miaka miwili. Ungelishona hilo hilo, na ningelia kwa furaha. Sasa siku hiyo ikifika, nitamwambia Senge ni nini? Kwamba nimemaliza mara ya pili?"

"Nitamwambia mimi."

"Ni wewe utamwambia. Mimi sifungui mdomo. Na usimwambie nikiwa nimekaa kando yako nikikuonea huruma."

Nikaapa. Aliniambia hivyo bila kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angenipigia kelele.

Sasa tazama kilichofuata. Nyumbani habari imeenea kuwa Nafula ni msomi kamili. Mjomba mmoja anampigia simu amtafutie mwanawe kazi. Mwalimu wa zamani anamtaka aje ahutubie wanafunzi. Likizo iliyopita alikataa kwenda Bungoma, akabaki hosteli peke yake na vitabu, akikwepa maswali.

Na zile Jumapili zimekwisha. Anakuja, anakunywa chai, nauliza masomo vipi, anasema, "Poa." Poa! Zamani alikuwa akinieleza mpaka pasi inaunguza shati la mteja.

Walirudia kuwasilisha. Hakunialika. Nilijua kwa sababu Zainab alileta buibui nimpunguzie urefu, akasema kwa furaha, "Dada, si tulipita! Wote watatu! Nafula hakukwambia?" Nikasema aliniambia. Uongo mwingine huo. Nilimkata yule msichana buibui bila malipo, nikamwomba msamaha na sindano mdomoni. Alicheka, akasema, "Ile siku ilikuwa ya ajabu! Kevo bado anaiga kuku." Wao wamenisamehe. Vijana ni watu wema.

Na unajua, mpaka leo sijui kwa nini wale akina mama waliupita ule mfereji. Ndilo swali alilokuwa anajibu. Ningemwuliza, lakini sijapata tena haki ya kuuliza.

Kwa hiyo wewe uliye mkubwa wa nyumba, wewe uliyelea wadogo zako kwa mikono yako, nakusihi: usile mahindi ya mdogo wako yakiwa bado machanga eti kwa sababu wewe ndiye uliyepalilia! Akikwambia hapa ni katikati, simama katikati pamoja naye. Katikati nako kuna utamu wake. Mimi nilikuwa nao kila Jumapili nikauona mdogo. Na mkiambiwa wageni wawili, nendeni wawili!

Kuhusu Senge. Nimempigia mara nyingi. Kila nikianza, ananikatiza kwa furaha. Jumapili iliyopita niliapa sitakata simu kabla ya kusema. Nikasema, "Senge, kuna jambo kuhusu Nafula."

"Hata mimi nina jambo," akasema. "Nimekwenda kaburini. Nilibebwa, miguu imekataa kabisa. Nikamwambia baba yako, mtoto amemaliza, yule mkubwa hakutuangusha, sasa lala. Nikamwambia na mama yako hivyo hivyo. Enhe, la kwako ni lipi?"

Nilisimama katikati ya kibanda. Mteja alikuwa ananingoja na zipu iliyokwama.

Nikamwuliza kuku wake wanaendeleaje.

Wanaendelea vizuri. Wawili wameangua vifaranga.