Dawa Tatu za Usingizi wa Bibi

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini pale mpakani Sirari aliniwekea kopo la unga mezani. Alikuwa amechoka kunisikia nikilalamika: silali, tumbo linajaa gesi, mawazo hayaishi. "Koroga kijiko kimoja kwa maziwa, utalala fofofo," aliniambia kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. "Ni dawa ya Kihindi, ya Ayurveda. Haina madhara kabisa." Nilifungua kifuniko nikanusa. Ilikuwa ile ile harufu ya udongo uliochanganyika na jasho la punda. Nikafunga haraka. Ningemwelezaje kwamba naijua harufu hiyo tangu nikiwa darasa la nne, na kwamba maneno hayo, "haina madhara", yananipandisha hasira hadi leo?

Nililelewa na bibi yangu, kijijini Nyambureti. Kama wewe hukulelewa na mwanamke anayejua dawa, shukuru. Jikoni kwake mizizi na magome vilining'inia juu ya mafiga, vimekuwa vyeusi kwa moshi. Ukikohoa, mwarobaini. Ukinuna, mwarobaini pia. Tumbo likiuma alikata jani nene la mshubiri kwenye ua, likatoa ute wa njano, akauchanganya na maji ya vuguvugu. Nilikuwa narudi kutoka kisimani na ndoo kichwani, na kabla sijaitua ameshaninyooshea kikombe. "Kunywa, usionje," ndivyo alivyosema kila mara. Uji mchachu wa ulezi ndio uliokuja baadaye kuniondolea uchungu, na hata huo niliupata baada ya kupanua mdomo ili akague kama nimemeza.

Kisha akaja mwalimu wetu wa Hisabati, mwanamke aliyepangiwa kazi kwetu kutoka Tanga, akapanga chumba nyumbani kwa bibi. Nilidhani nimepata mtetezi. Wapi! Mwalimu alikuja na makopo yake, aliyonunua kwa muuza dawa wa Kihindi huko kwao: unga wa usingizi, unga wa kusaga chakula, unga wa kutuliza mawazo. Tangawizi kabla ya kula, maji ya moto baada ya kula.

"Hii ni elimu ya miaka na miaka, bibi," alisema siku moja.

"Na yangu ni ya lini?" bibi akamjibu. "Ya jana?"

Walibishana kwa heshima, lakini tumbo walilolibishania lilikuwa langu. Jumamosi moja wote wawili walininywesha bila kuambiana. Nilishinda chooni mpaka ng'ombe waliporudi kutoka malishoni.

Mwaka huo tembo walitoka hifadhini wakaingia shamba la bibi mara mbili. Waliuacha mtama umelala chini kama mkeka uliochezewa ngoma. Kilichobaki kilikuwa kipande cha upande wa korongo tu. Tangu hapo bibi hakulala. Mimi nililala naye chumba kimoja, najua. Ugali alikuwa akiumega mara mbili, anasukuma sahani. Alipozidiwa na kichwa alikwenda zahanati, na nesi, dada mmoja kutoka Iringa asiyependa utani, akampima, akamwambia ana presha, akampa vidonge.

"Usichanganye na kitu kingine chochote, bibi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwanangu."

Hakuelewa, au alielewa akapuuza. Asubuhi alimeza kidonge cha nesi. Mchana alikunywa mshubiri wake ili tumbo lifunguke. Na jioni, yeye aliyekuwa akiyacheka makopo ya mwalimu, alimwendea akaomba ule unga wa usingizi kwenye maziwa. Kila mmoja akanifunga mdomo. Bibi alisema nesi asisikie habari ya mshubiri, na mwalimu asijue ana presha, maana hakutaka kuonekana mgonjwa kwa mpangaji. Mwalimu naye akaniambia nisimwambie mtu habari ya unga, watu wasije wakasema anamlisha bibi yangu sumu. Hebu fikiria. Watu wazima watatu, na aliyejua yote yaliyoingia kwenye tumbo lile alikuwa mtoto wa darasa la nne aliyekatazwa kusema.

Asubuhi moja ya Jumamosi tulikuwa tunaanika mihogo juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Bibi aliinuka na ungo wake, akasimama kidogo, mkono ukatafuta pa kushika, akaanguka. Vipande vya mihogo vilitawanyika na kuku wakavikimbilia. Nilipiga kelele. Mwalimu akatoka na mswaki mdomoni. Jirani akaleta pikipiki, bibi akawekwa katikati, mwalimu nyuma akimkumbatia, nami nikawafuata mbio kwa miguu mpaka zahanati.

Nilipofika, nesi alikuwa anasoma mashine. "Presha imeshuka mno. Amekunywa nini?"

Mwalimu alitazama chini. Bibi akafumbua macho. "Vidonge vyako tu."

"Vidonge vyangu tu?"

Midomo ya bibi ilikuwa imepauka na kupasuka, na alinitazama kwa namna ambayo mtoto wa kwetu anaielewa vizuri sana: nyamaza. Hata hivyo nikasema.

"Anakunywa mshubiri kila mchana. Jioni anakunywa unga wa mwalimu. Anaharisha tangu Jumatano."

"Mungu wangu!" Nesi alimgeukia mwalimu. "Mnataka kuniulia mgonjwa?"

"Sikujua ana presha. Naapa sikujua."

"Ulimwuliza?"

Mwalimu, aliyekuwa na jibu la kila hesabu, akaketi sakafuni.

Bibi alitundikiwa dripu mbili, na jioni akaweza kukaa. Alipona. Lakini tulipofika nyumbani aliniambia neno moja tu: "Umenivua nguo mbele ya wageni." Kisha hakunisemesha siku nne. Nilichota maji, nilifagia zizi, nilimwamkia shikamoo asubuhi na jioni, nikajibiwa na ukuta. Nilikuwa nimemwokoa, naye akaniweka kando kama mwizi.

Siku ya tano nesi alikuja mwenyewe. Akaamuru kila kitu kimwagwe mkekani, mizizi ya bibi na makopo ya mwalimu, akachambua kimoja kimoja akiguna. Alipomaliza akaketi kwenye kigoda.

"Haya, bibi. Kwani kwa nini hulali?"

Ndugu yangu, miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameuliza. Wote tulikuwa tunakoroga tu.

Bibi alivuta kanga yake. "Nausikiliza mtama," alisema. "Uliobaki ndio chakula cha huyu mtoto. Tembo wakija nimelala, atakula nini?"

Mwalimu alijifunika uso. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya zizi nikalia kwa hasira, maana angeweza kusema tangu mwanzo.

Habari zilimfikia yule jirani wa pikipiki, naye akawaambia wengine. Wiki hiyo hiyo walipanga zamu kuzunguka shamba letu, na madebe na vijinga vya moto. Mwalimu naye alipewa zamu yake, akaenda amejifunga shuka, akipiga debe hovyo hovyo. Bibi alilala. Alikoroma mpaka nikakosa usingizi mimi. Asubuhi yake aliniita, akanipa uji wa moto, bila kikombe cha kitu kingine kando. Vidonge vya nesi aliendelea navyo, na mtama tulivuna.

Mwalimu alihamishwa, nesi naye. Bibi tulimzika, ni miaka kadhaa sasa. Mwezi uliopita nilirudi Nyambureti kuangalia boma. Nyumba nyingi zina bati jipya na geti, na kila mtu ana chupa yake ya dawa ya usingizi aliyoletewa kwa basi kutoka mjini. Kijana mmoja aliyejenga karibu nasi alinionyesha kwenye simu yake video ya tembo wakila mahindi ya jirani yake, mama mmoja mjane.

"Mlikwenda kumsaidia kuwafukuza?" nikamwuliza.

Alinitazama kama hajanielewa. Kisha akairudisha video mwanzo. "Angalia vizuri, dada," alisema. "Huyu mkubwa hapa anaonekana mpaka macho."