Chumba cha joto nilichomjengea mama Karambi, nusura kimzike

Wakuu, salaam. Hili sikusimuliwa na mtu, mikono yangu ndiyo iliyolifanya.

Miaka ya sabini mwanzoni, Karambi, juu ya Bwera, Uganda, mpakani na Kongo. Nimetoka kusomea uashi, kichwa kimejaa ramani. Mama, mzaliwa wa Beni, alikuwa na kifua, na baridi ya mlimani haina huruma. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, aliiacha marehemu baba.

Nikachora chumba cha matofali kinachoegemea ukuta wa jiko la nyumba hiyo. Moto uleule wa kupikia unapasha ukuta, mama analala kwenye joto, kuni zinapona. Siku hizi mnaita energy saving.

Fundi wangu Kambale, mtu wa Butembo, akasema niache mwanya kati ya nyumba mbili. Nikaona ananipotezea joto. Nikafunga matofali kwenye nguzo za zamani kwa waya nene. Ujuaji tu.

"Nyumba ya miti inacheza, ya matofali haichezi," akaniambia. "Siku inchi, hii ardhi, itatikisika, zitavutana."

Nilicheka. Na matetemeko kwetu si wageni, sijui nilicheka nini.

Wiki mbili mama alilala humo, kikohozi kikapungua. Halafu mchana mmoja amejinyoosha, ardhi ikaanza. Nyumba ya zamani ikawa inayumba, na kila ikiyumba inavuta matofali. Ilipotulia, ukuta mpya umepasuka juu mpaka chini, mlango umebanwa.

Nikauvuta. Tofali likaanguka ndani. Nikauvuta tena, yakaanguka mawili. Nikaushika niuvute mara ya tatu.

"Wacha kuvuta mulango," mama akasema kutoka ndani, polepole. "Unaniletea ukuta."

Kambale akaja mbio, akapita jikoni, akakata ule ukuta wa udongo kwa panga, fito baada ya fito. Mama akatokea kwenye tundu. Hatujafika uani, mtikisiko mwingine ukaja. Matofali yakalala kitandani kwake.

Nilijenga upya, na mwanya wa kiganja, nikaujaza majani makavu ya mgomba. Chumba kikawa kizuri tu.

Mama hakuingia tena. Alirudi kulala jikoni kwenye moshi, kikohozi kikarudi naye. Mpaka anafariki sikumwambia aingie, maana hata mimi nikiingia humo nilikuwa naacha mlango wazi.

Nilichojifunza: kabla hujaongeza kipya, uliza cha zamani kimezoea kufanya nini.

Nyie mnaoongezea vyumba nyumba za wazee, mwanya mmeacha? Semeni hapa, nasoma zote.