Jembe la Zéphirin

Zéphirin alirudi kwao Wamaza na nyundo mbili na ubishi wa miaka kumi na minne. Miaka yote hiyo alikuwa Salamabila, akiwafulia wachimba dhahabu tindo za kupasulia mwamba, na hakuna mchimbaji aliyewahi kumrudishia tindo yake kwa lawama. Sasa alitaka kufufua karakana ya marehemu baba yake na kufua majembe, kazi iliyokufa tangu majembe ya ng'ambo yalipoanza kuletwa kwa pikipiki kutoka mjini Kasongo. Yasiponunuliwa msimu huo wa kulima, ingembidi arudi machimboni, na alikuwa amemwapia mkewe, Laetitia, kwamba harudi ng'o.

Watu walimwona amechanganyikiwa. Chuma chenyewe kilikuwa cha kuokoteza, springi za malori yaliyofia njiani. Makaa alichoma mwenyewe. Wahunzi wa zamani walikuwa wamekwenda na ujuzi wao kaburini. Hayo yote hayakumtisha. Kilichomuumbua ni kiburi chake.

Majembe matatu ya kwanza aliwapa akina mama wa kikundi cha Mama Emilienne wayajaribu shambani. Jua halijapanda, mawili yakawa vipande. Mama Emilienne, mwanamke asiyemung'unya maneno, alimrudishia vipande hivyo vimefungwa kwenye kitenge.

"Papa Zéphirin, uko unafua majembe ao sahani?"

Kuanzia siku hiyo, chochote kilichovunjika Wamaza, kiwe kiti au kikombe, kiliitwa jembe la Zéphirin. Iliuma, tusidanganyane. Laetitia alimwomba apumzike japo wiki moja, akajibiwa kwamba mtu hupumzika akishazikwa.

Aliyemwokoa ni yule yule Mama Emilienne. Alikuja na jembe kuukuu, limelika mpaka kubaki upana wa kiganja.

"Hii ni baba yako alifua. Mama yangu alilima nayo, na mimi nikalima nayo. Angalia mwenyewe kwenye ulikosea."

Zéphirin alipitisha tupa yake ya kunolea kwenye makali yale, nayo tupa ikang'ata. Akajaribu kwenye kipande cha jembe lake, tupa ikateleza kama iko juu ya kioo. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Kumbe alikuwa amefua majembe kana kwamba ni tindo! Salamabila walimsifu kwa chuma kikavu, kigumu. Shambani jembe linakutana na mizizi na kokoto, na lisiponyumbuka kidogo linakatika.

Majuma mawili alipambana na moto. Akishalizamisha jembe la moto majini, alilirudisha kwenye makaa polepole, akingojea rangi ya chuma ibadilike na kumwonyesha ugumu umepungua kiasi gani. Ikaja manjano, ile ya tindo, akajizuia asilitoe. Ikaja ya kahawia. Ilipofika buluu, akalitoa. La saba ndilo lililokubali. Mama Emilienne alilima nalo siku tatu katikati ya visiki, kwa nia kabisa ya kulivunja, likamshinda.

Zéphirin akafua mengine kumi na moja. Faradji, mwenye duka kule Kasongo, alikuwa amekuja Wamaza kununua karanga, akapita kuyaona. Aliligonga moja kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatoa mfukoni bunda la etiketi, vibandiko vyenye majina ya viwanda vya ng'ambo.

"Bandika hizi, nachukua yote. Watu hawanunue jembe ya Wamaza, Papa. Wanaangalia kwanza etiketi."

Laetitia alimtazama mumewe. Mvua ilikwishaanza, na mnunuzi mwingine hakuwapo. Zéphirin alizisukuma etiketi kando kwa hasira.

"Zilipovunjika, kila mutu alijua ni ya Zéphirin. Sasa hazivunjike, unataka zikuwe ya wageni? Hapana, Papa Faradji. Rudisha makaratasi yako."

"Basi utakula chuma," Faradji alisema, akawasha pikipiki.

Siku hiyo hiyo Zéphirin alichonga neno WAMAZA kwenye kila jembe, herufi kubwa zilizopinda kidogo. Akayafunga kwenye baiskeli, akaisukuma kwenye tope mpaka Kasongo, akayapanga chini, ng'ambo ya barabara, akitazamana na duka la Faradji.

Mwanamke mmoja aliinua jembe, akaligeuza huku na huku akitafuta etiketi.

"Hii inatoka wapi?"

"Wamaza!" Zéphirin alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya duka. "Ni miye nimefua. Enda ulime nayo, Mama. Ikivunjika, unirudishie hapa hapa, mbele ya watu wote."